Matongo si pori tupu: kusoma upya maandishi juu ya udongo wa wote katika Kasongo na Kabambare

1. Neno la kuanzia

Mtu akitoka Kasongo kwa mguu, akaacha njia kubwa akaingia kwenye majani, haitachukua muda atakuta fasi ambapo mingazi imesimama pamoja, na pembeni yake mwembe mkubwa, bila nyumba karibu. Mgeni atasema: hapa ni pori. Mzee wa kule atasema: hapana, hapa ni matongo. Kati ya maneno hayo mawili kuna bishano kubwa, na bishano hilo njo tunataka kulichunguza katika kurasa hizi.

Tongo ni pale kijiji kilipokuwa zamani. Watu wamehama, lakini wafu wao hawakuhama. Vijiji vingi vya kwetu havikuhama kwa kupenda. Wakati wa Wabelgiji, hasa katika miaka ya 1920 na 1930, watu walivutwa kandokando ya barabara kusudi wahesabiwe, walipe kodi na walime pamba, zao ambalo huku Maniema lilianza kulazimishwa tangu 1917. Nyumba za zamani zikaanguka. Miti iliyopandwa na wazee ikabaki. Toka hapo tongo limekuwa na kazi mbili. Ni fasi ya kukutania: watoto wa ukoo waliotawanyika wanarudi pale kuchuma ngazi, kuzika, kumaliza maneno ya nyumba. Tena ni fasi ya kujitenga: mzee mwenye neno zito anakwenda kukaa pale kimya, mbali na kelele za barabara, mpaka moyo utulie. Hakuna anayejenga pale bila kuuliza, na hakuna mtoto wa ukoo anayefukuzwa pale.

Tukisema matongo tunahesabu pamoja na ndugu zake: makaburi ya machifu, kisitu ambamo vijana waliwekwa wakati wa tohara, chemchemi ambayo kandokando yake hapalimwi. Hata mji wetu una tongo lake. Kasongo ya Waarabu na Waswahili, ile iliyotekwa na askari wa Dhanis tarehe 22 Aprili 1893, inaitwa leo Tongoni. Watu hawakuandika historia yake kwenye jiwe. Waliiweka ndani ya jina.

Juu ya udongo huu wameandika wengi: wasafiri, watawala, wataalamu, watunga sheria. Hapa tunachukua maandishi machache tu, na kila moja tunaliuliza swali hili: linaona nini pale ambapo hakuna mtu amejenga?

2. Soko la Nyangwe katika daftari za Livingstone

Tuanze Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba. David Livingstone alikaa pale tangu mwisho wa Machi hadi Julai 1871, na daftari zake zikachapwa mwaka 1874, baada ya kufa kwake. Kurasa za soko ni kati ya zilizo bora. Ametazama kwa subira: wanawake kwa mamia na mizigo yao, samaki wa Wagenya, mafuta ya ngazi, vyungu, mihogo, kuku, na yale mabishano ya bei yenye kicheko ndani yake. Tena ameona jambo ambalo wengi waliokuja nyuma yake hawakuliona, kwamba mwanamke wa soko alipita salama hata kama vijiji vilikuwa na vita. Ule udongo wa soko haukuwa wa kijiji kimoja. Haukulimwa, haukujengwa, na kumbe ulikuwa na sheria kali kuliko shamba la mtu.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara walipiga bunduki katikati ya soko lile. Walikuwako watu kama 1.500. Hesabu ya waliokufa, kama Waarabu wenyewe walivyoikadiria, ilikuwa kati ya 330 na 400, wengi wao wanawake waliojitupa mtoni. Ulaya ilizisoma kurasa hizi kama ushahidi juu ya ubaya wa biashara ya watumwa, na ilikuwa haki kuzisoma hivyo. Siye tunaongeza somo lingine: siku ile, pamoja na watu, liliuawa pia agano la mahali. Wanawake walikuja bila silaha kwa sababu mahali penyewe palikuwa silaha yao.

Upungufu wa Livingstone ni kwamba anatueleza amani ya soko bila kutuonyesha vya kutosha nani aliyeilinda. Msomaji anaweza kufunga daftari akidhani amani ile iliota yenyewe kama majani. Haikuota. Fasi ya wote haikai ya wote hivi hivi tu; lazima kuwe na watu wa kuilinda, na watu hao lazima wajulikane.

3. Bibi wa Tippu Tip

Kitabu cha pili kimeandikwa kwa Kiswahili, na mtu ambaye makao yake yalikuwa hapahapa Kasongo: Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana kama Tippu Tip. Maisha yake, aliyoyaandika mwenyewe, yalichapwa Berlin na Heinrich Brode katika miaka ya 1902 na 1903. Kwa lugha ni kitabu chema. Sentensi ni fupi, mambo yanakwenda mbele, mwandishi hajisifu kwa maneno mengi, anaacha matendo yamsifu. Wanafunzi wetu wangefaidika kukisoma, hata kama babu zao walikuwa upande wa waliofungwa kamba.

Lakini udongo katika kitabu hiki ni njia tu. Nchi inahesabiwa kwa pembe zinazotoka ndani yake na kwa siku zinazohitajika kuivuka. Mahali pa kukaa kimya hamna. Mahali pa kuzika hamna.

Ila kuna kisa kimoja ambacho kinasema zaidi ya alivyokusudia mwandishi wake. Tippu Tip alifika Utetera, magharibi ya Lualaba, kwa chifu mzee aliyeitwa Kasongo Rushie. Alikuwa amesikia kwamba zamani dada za chifu huyo walichukuliwa mateka wakapotea. Basi akadai kwamba mmoja wao alinunuliwa na babu yake na kuwa bibi yake, mzaa mama. Mzee akampokea kama damu yake, akamwachia utawala. Wasomaji kwa kawaida wanacheka ujanja huu. Siye tunauliza: mtu mwenye bunduki nyingi namna ile alihitaji bibi kwa nini? Kwa sababu bunduki iliweza kumwingiza katika nchi, lakini haikuweza kumpa nafasi ndani yake. Nafasi ilitoka kwa wafu. Mshindi mwenyewe, kwa mkono wake, ametuandikia kwamba udongo wa huku ulikuwa na mlango, na kwamba mlango huo ulikuwa ukoo.

Tena alichukua nusu tu ya kile alichodai. Mjukuu wa kweli anapokea haki pamoja na mzigo: makaburi ya kufyeka, mabishano ya kusuluhisha, chakula cha kugawa. Yeye alipokea pembe. Baadaye akarudi Unguja, akafia huko mwaka 1905. Kipimo hiki tukishike, maana kitatufaa kwa watu wa leo pia: anayedai ukoo bila kubeba mzigo wake, ametumia bibi kama Tippu Tip.

4. Vitenzi vya sheria

Sasa tuingie kwenye maandishi yasiyo na mwandishi anayejulikana kwa sura, yaani sheria. Tarehe 1 Julai 1885 dola la Léopold II lilitangaza kwamba udongo usio na mwenyewe ni wa Serikali. Maafa yote ya baadaye yamo ndani ya wazo hilo la udongo mtupu. Nani aliamua kwamba ni mtupu? Yule aliyepita njiani akaona majani. Mashamba yaliyopumzishwa, matongo, misitu ya tohara, vyote vilionekana vitupu kwa jicho la mtu asiyeuliza.

Baada ya uhuru, sheria ya Bakajika ya 1966 ilirudisha kwa Serikali udongo uliogawiwa na wakoloni, halafu sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema wazi kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali peke yake. Kwa taifa changa lililokuwa linanyang'anyana na makampuni, tunaelewa. Lakini vijiji vilipata nini? Tusome vifungu vya 387 mpaka 389 kama tunavyosoma shairi darasani, yaani vitenzi kwanza. Udongo wa wenyeji ni ule wanaoukaa, wanaoulima, au wanaoutumia kwa namna yoyote, mtu mmoja au wote pamoja, kufuatana na desturi. Kukaa, kulima, kutumia. Basi. Kitenzi cha kuacha kwa makusudi hakimo, cha kulinda hakimo, cha kukumbuka hakimo. Mtu mwenye haki atasema kwamba «kwa namna yoyote» ni mlango mpana, na tongo linaweza kupita humo. Tunakubali, ni dirisha jema. Ila sheria ileile iliahidi kwamba haki hizi zitapangwa na ordonansi ya Rais, na miaka zaidi ya 40 ilipita bila ordonansi hiyo kutoka. Dirisha lilichorwa ukutani, halikufunguliwa.

Matokeo yake tunayajua. Anayetaka kununua anakuja na swali moja: nani analima hapa? Akijibiwa kwamba hakuna anayelima, kwake mambo yamekwisha. Karatasi inafuata, na siku moja watoto wa ukoo wanakuta mti umekwangua jina la mtu mwingine. Kule Kabambare, upande wa Salamabila, bishano ni kali zaidi kwa sababu chini ya udongo kuna dhahabu. Uzalishaji wa biashara wa mgodi wa Namoya ulianza Januari 2016, na mwaka 2019 kazi ikasimama kwa ajili ya ukosefu wa usalama. Katika mabishano yale kulikuwa na upande wa konsesio na upande wa wachimbaji wa mikono, na kila upande ulikuwa na hoja zake za tumbo. Lakini wote wawili walikuwa wanazungumzia kitenzi kilekile: kutumia. Makaburi hayana sululu wala karatasi, na kwa hiyo hayakuwa na mtu wa kuyasemea mezani.

5. Kitabu cha mwaka uleule

Mwaka uleule wa 1973, mbali na Kinshasa, chuo kikuu cha California kilichapa kitabu cha Daniel Biebuyck juu ya utamaduni wa Walega, matokeo ya kazi aliyoifanya kwao katika miaka ya 1950. Walega ni jirani zetu wa Pangi na Shabunda, na bwami yao ilifika hadi kwa Wazimba. Biebuyck hakuandika kitabu cha udongo. Aliandika juu ya bwami, ile jamaa ya vyeo ambayo wakoloni waliipiga marufuku mwaka 1933 na tena 1948. Lakini ndani yake kuna wazo ambalo sheria ya Kinshasa ilikuwa inalikosa.

Anaeleza kwamba kati ya vitu vya bwami, sanamu, vinyago, vikapu vya alama, kuna vya mtu binafsi, na kuna vingine ambavyo ni vya kundi zima. Hivi vya kundi haviachwi bila mtu. Anawekewa mmoja, mwenye cheo na sifa, avitunze kwa niaba ya wote. Yeye si mwenye mali. Hawezi kuuza kikapu. Wala hawezi kukificha siku ya mkutano, maana siku hiyo lazima kitoke, wote wakione. Akifa, kikapu kinapita kwa mwingine.

Kwa maoni yetu hapa njo kuna neno tulilokuwa tunalitafuta. Tongo ni kama kikapu kile. Shefu wa udongo, au mzee wa ukoo, ni mtunzaji. Sheria ya 1973 inajua Serikali mwenye mali na mwananchi mtumiaji. Mtunzaji haimjui kabisa. Na kwa kuwa haimjui, imewaharibu hata wazee wetu, kwa sababu mtunzaji asiyetambuliwa anajifunza upesi kugeuka mwenye mali. Leo kuna wazee wanaouza matongo. Tusiwafiche. Wanapokea pesa usiku, wanatia kidole kwenye karatasi, halafu kwenye sikukuu wanatusimulia mila. Aibu hiyo haikuletwa na Wabelgiji peke yao.

Kosa la Biebuyck, kama ni kosa, ni kwamba kitabu chake kinavutia kuelekea vitu. Makumbusho ya Ulaya na Marekani yamejaa vinyago vya Walega vilivyopendwa na kutunzwa vizuri sana, lakini fasi vilipokuwa vinatolewa, ule uwanja wa mkutano na ule msitu wa kujitenga, haziwezi kubebwa kwenye sanduku. Kinyago bila fasi ni kama neno lililokatwa kutoka sentensi yake.

6. Dekreti ya 2014: mlango umefunguliwa nusu

Sheria ya misitu ya 2002, na baada yake dekreti nambari 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014, zilileta jambo jipya. Jamii ya mahali inaweza kuomba konsesio ya msitu wake, mpaka hektari 50.000, bila malipo na bila mwisho wa miaka. Kanuni za Februari 2016 zikaongeza vyombo: mkutano wa jamii nzima, komite ya uongozi, komite ya kukagua, na baraza la wazee. Tunasifu, na tunasifu kwa moyo. Kwa mara ya kwanza karatasi ya Serikali inamtambua anayeshika kwa niaba ya wote, tena inamwekea mkaguzi. Ni kikapu cha Walega kimepata nambari.

Lakini kuna matatu ya kulaumu. La kwanza, hii ni sheria ya misitu. Kusini mwa Maniema msitu unakwisha na majani yanaanza. Matongo mengi ya Kasongo na Kabambare yamo katika majani, au katika visitu vya kando ya mito. La pili, inadai ramani, barua na mpango wa uongozi. Mambo haya si mabaya, ila mara nyingi yanaandikwa na shirika la mgeni kwa Kifaransa, na wenyeji wanatia sahihi kama wanafunzi wanaonakili ubao.

La tatu ni zito zaidi. Sheria ya misitu inaitambua jamii ya mahali kwa desturi yake na kwa kamba ya ukoo inayowafunga watu wake. Hapa tunarudi kwenye mlango wa Tippu Tip. Kasongo ni mji wa watu walioletwa. Wengi wetu ni wajukuu wa wangwana na wa watumwa wa misafara, waliotolewa Lomami, Urua na kwingine, wakasahau kijiji lakini hawakusahau kilio. Methali inasema mkataa kwao mtumwa. Sasa yule aliyefanywa mtumwa kwa kunyang'anywa kwao, kwao ni wapi? Na wale waliokimbia vita miaka hii, wakapokewa katika vijiji vya watu? Na mke aliyetoka ukoo mwingine, akalima hapa miaka 40, akazika watoto watatu chini ya mwembe ule? Wakati Tippu Tip anabuni bibi, mlango ulimfungukia. Hawa wana makaburi ya kweli, na mlango unawafungia.

Wengine watatujibu kwamba ukoo ukilegezwa, udongo utakwisha. Hofu hiyo tunaiheshimu. Waliouziwa matongo yao wana haki ya kuogopa wageni. Lakini desturi yenyewe haikuwa ngumu hivyo. Mgeni aliombewa, akapewa moto na fasi ya kulima, na baada ya miaka akahesabiwa. Soko la Nyangwe halikumwuliza mwanamke ukoo wake. Lilimwuliza kama anakuja kwa amani. Desturi zote mbili ni zetu. Kuchagua ile ya kufunga peke yake na kuiita mila ni kusoma nusu ya ukurasa.

7. Neno la mwisho

Tumesoma daftari la msafiri, maisha ya mfanyabiashara, sheria za dola na za taifa, kitabu cha mtaalamu, na dekreti. Msafiri aliona amani bila walinzi wake. Mfanyabiashara aliona ukoo, akautumia. Sheria iliona matumizi. Mtaalamu alimwona mtunzaji, lakini akiwa na kikapu mkononi, si udongo. Dekreti imekaribia kuliko wote, ila inahesabu damu kabla ya kazi. Kwetu siye kipimo ni hiki: fasi ya wote ni ile yenye mtunzaji anayejulikana, asiyeweza kuiuza, na anayelazimika kuifungua siku watu wanapokuja kukutana au kunyamaza.

Wakatoliki wetu wanajua maana ya retreti, na nyumba zake hakuna anayeziita tupu kwa sababu hazilimwi. Waislamu wetu wanajua itikafu katika siku za mwisho za Ramadhani, na hakuna anayesema kona ile ya msikiti haina kazi. Heshima tunayoipa kona ya msikiti na nyumba ya retreti, tuipe pia mingazi ya wazee.

Basi tunaomba jambo dogo linalowezekana bila kungoja Kinshasa. Kila grupama iwe na daftari la matongo yake: jina la fasi, mipaka yake kwa miti na mito, jina la mtunzaji na la atakayemfuata, miiko yake, na watu wanaoruhusiwa kuja. Siri zisiandikwe, mambo ya tohara na ya wazee yabaki vinywani mwao. Daftari lisomwe kwa sauti mbele ya wote kila mwaka, wanawake na waliokuja nyuma wakiwepo, na mtunzaji aulizwe hadharani kama fasi iko sawasawa. Sisi walimu tunaweza kushika kalamu. Kazi ya kuuliza ni ya kila mtu, na mahali penye kuulizwa kila mwaka ni vigumu kupauza usiku.